Saa ya simu na sekstanti: tatizo si nusu sekunde

Wanaorambaza kwa nyota, yaani wanaotafuta mahali chombo kilipo kwa kupima kimo cha jua au nyota kwa sekstanti (kifaa cha kupimia pembe) na kuandika saa ya kipimo, hawakubaliani kuhusu saa ya simu. Wapo wanaosema inatosha kwa kuwa hujirekebisha yenyewe, na wapo wanaoikataa chomboni kwa sababu hiyo hiyo.

Tuanze na hesabu. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo karibu na ikweta, kwenye maji ya Lamu au Zanzibar, kosa la sekunde moja hukusogeza mita 460 hivi mashariki au magharibi. Sekunde nne ni maili moja ya bahari. Latitudo inayopimwa adhuhuri, jua likiwa juu kabisa, haiguswi sana.

Mtetezi wa simu atasema kwamba kwenye chombo kinachoyumba mkono wa mpimaji hukosea maili moja au mbili, basi nusu sekunde ni nini? Ni kweli, ila makosa haya hayafanani. Kosa la mkono mara huzidisha, mara hupunguza, na ukipima mara tano na kuchukua wastani, linapungua. Kosa la saa husukuma vipimo vyote upande mmoja. Pima nyota tatu jioni: kila nyota hukupa mstari mmoja kwenye chati, mistari itakutana vizuri, pembetatu ndogo safi, na wewe hupo hapo. Saa ikiwa mbele, unajichora magharibi mno. Ikichelewa, mashariki mno. Chati haitakuonya.

Yenye intaneti, simu huchukua saa kwenye seva na kwa kawaida haipotei hata sekunde moja. Saa ya mnara wa simu hutumwa kwa sekunde nzima tu, na mnara ukiwa na saa mbaya, simu huifuata. GPS nayo ina mtego: tangu 2017 saa ya setilaiti imekuwa mbele ya UTC, saa rasmi ya dunia, kwa sekunde 18. Programu ikisahau kuzitoa, umepotea maili nne na nusu.

Mbali na pwani inabaki fuwele ya kwatzi iliyo ndani ya simu, inayoendesha saa yake. Kwa kawaida fuwele hizo hutengenezwa ziende sawa kwenye nyuzi joto 25 hivi, na zikipata joto au baridi huchelewa. Simu iliyoachwa juani ikafika nyuzi 45 inaweza kuchelewa sekunde moja zaidi kwa siku.

Hata hivyo kuchelewa si kasoro kubwa, mradi kuwe kwa kiasi kile kile kila siku. Saa ya John Harrison, fundi saa Mwingereza, iliyopelekwa Jamaica 1761 ilijulikana kuchelewa sekunde 2 na theluthi mbili kwa siku. Hilo lilipohesabiwa, kosa lililobaki lilikuwa sekunde 5 tu. Hapa ndipo wanaoikataa simu wana haki: inayojirekebisha kimyakimya ikinusa mnara huharibu daftari lako lote la mwendo wa saa, yaani inavyochelewa au kuwahi kila siku.

Dawa yake ni kuizuia. Siku kumi kabla ya safari zima saa ya kiotomatiki na uweke hali ya ndegeni. Usijaribu kuiweka sawa kwa mkono, kwani simu nyingi hupokea dakika tu. Andika tofauti yake. Kila siku, saa ile ile, ilinganishe na simu nyingine yenye intaneti, kwa programu inayoonyesha sekunde. Ikichelewa sekunde 6 kwa siku kumi, siku ya ishirini baharini utaongeza 12 juu ya tofauti ya siku ya kuondoka, ambazo bila kuhesabiwa ni maili tatu. Iweke kivulini, na betri isiishe kabisa.

Wakati wa kupima, msaidizi aandike sekunde kwanza, kisha dakika, saa, na mwisho pembe. Almanaki, kitabu cha mahali pa jua na nyota kwa kila saa, hutaka saa ya dunia (UTC): anayesoma 10:00 kwenye simu hutoa 3, anayetamka saa nne asubuhi huongeza 3. Wote wanafika 07:00, lakini wawili wasiokubaliana kwanza nani anahesabu vipi watakosea saa sita nzima.

Na kama sekstanti imebebwa kwa hofu ya GPS kuvurugwa, basi saa iliyowekwa na GPS ile ile haifai kuwa shahidi wake. Saa ya mkononi ya kwatzi, iliyopimwa mwendo wake vivyo hivyo, iwekwe kando ya simu.