Nywele kavu hazichanwi!

Jumapili jioni mitaa ya Kondele, Kisumu, ni vilio tu: mtoto amebanwa katikati ya magoti, kitana cha meno membamba kinazamishwa moja kwa moja kwenye shina, nywele kavu kabisa. Kisha analaumiwa, eti nywele zake ni ngumu. Si ngumu! Nywele ya kipilipili hukatika kwa urahisi pale inapojikunja, na mafuta yanayotolewa na ngozi ya kichwa hayafiki nchani kwa urahisi. Tazama zilizobaki kwenye kitana: vipande vifupi, visivyo na kidoto cheupe cha mzizi mwishoni. Hizo hazikung'oka, zimekatika. Gawa mafungu 6, nyunyizia maji, paka kondishena mpaka ziteleze, shika fungu katikati lisivute ngozi, anzia nchani kwa kitana cha meno mapana ukipanda polepole. Na mafuta ya mgando juu ya nywele kavu hayaleti unyevu, jamani, maji kwanza!