Iacheni Python ya Mfumo Endeshi

Juma lililopita kijana mmoja anayejifunza kuprogramu aliniletea kompyuta yake yenye mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, ambayo terminali yake, yaani dirisha la kuandikia amri, ilikuwa haifunguki tena. Alikuwa amefuata mwongozo wa mtandaoni hatua kwa hatua: akapakua msimbo chanzo wa lugha ya kuprogramu ya Python 3.12, akaukompaili (yaani akaugeuza kuwa programu inayoendeshwa) bila tatizo, kisha akakielekeza kiungo cha /usr/bin/python3 kwenye toleo jipya, kama alivyoagizwa. Terminali ya Ubuntu hiyo huanzishwa na skripti ya Python inayotegemea moduli (vipande vya msimbo vya nyongeza) zilizotayarishwa kwa toleo la 3.10, na toleo jipya halikuzipata. Ilitubidi tubonyeze Ctrl+Alt+F3 tuingie kwenye skrini ya maandishi matupu, tuandike sudo ln -sf python3.10 /usr/bin/python3 (sudo huipa amri mamlaka ya msimamizi), ndipo terminali ikarudi. Kijana huyu hakukosea chochote. Amekosewa na waliomfundisha, na jambo hili limeniudhi kweli kweli.

Wenzangu mnaoandika miongozo, Python iliyomo ndani ya /usr/bin ni ya mfumo endeshi. Zana kadhaa za Ubuntu na za mfumo ndugu wa Debian huitegemea, zikiwemo baadhi ya zile zinazoshughulikia vifurushi vya apt, kisakinishi cha programu cha mifumo hiyo, na waliozitengeneza walizijaribu kwa toleo hilo hilo. Anayehitaji toleo jingine ana haki ya kuwa nalo, na kulijenga kutoka kwenye msimbo chanzo ni njia nzuri sana ya kulipata, ilimradi alitengee makao yake. Anapoendesha ./configure, amri ya kuandaa ukompaili, aongeze --prefix=$HOME/python/3.12, na mwishoni atumie make altinstall badala ya make install. Tofauti ni ndogo kwa macho lakini kubwa kwa matokeo: altinstall huweka programu inayoitwa python3.12 na haigusi jina la python3. Kwa kuwa folda hiyo ni yake mwenyewe, sudo haihitajiki hata kidogo.

Miongozo mingi pia hunyamazia maktaba zinazopaswa kuwepo kabla ya kukompaili. Bila libssl-dev, kazi itakamilika kana kwamba mambo ni shwari, ila pip, zana ya kusakinisha vifurushi vya Python, itashindwa kupakua chochote kwa sababu moduli ya ssl, ya mawasiliano salama, haipo. Bila libffi-dev, utaikosa ctypes, moduli ya kutumia maktaba za lugha ya C. Orodha ya moduli zilizokosekana huchapishwa mwishoni mwa make, na mwanafunzi afundishwe kuisoma kabla ya kuendelea.

Baada ya hapo, kila mradi uwe na mazingira yake, yaani folda yenye vifurushi vyake pekee. Moduli ya venv, inayounda mazingira hayo, imo ndani ya Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, kwa hiyo sioni udhuru wa kuiacha hadi somo la mwisho, au kutoifundisha kabisa. Amri ya kuyaunda ni moja tu, $HOME/python/3.12/bin/python3.12 -m venv .venv, na kuanzia hapo mradi unaohitaji toleo la zamani la Django, kifurushi cha kujengea tovuti, haugombani na ule unaohitaji jipya. Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, imefikia hatua ya kuizuia pip isisakinishe vifurushi ndani ya Python ya mfumo, nami naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Kinachonisikitisha ni kuona wanafunzi wakielekezwa kuongeza --break-system-packages ili kizuizi kiondoke, ilhali jina lenyewe la chaguo hilo linatangaza madhara yake.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mazingira mengi hula nafasi ya diski, na mwanafunzi anayenunua bando la siku ana sababu ya kuogopa kupakua vifurushi vile vile mara kwa mara. Hata hivyo, pip huhifadhi nakala ya ilichokwisha kupakua, hivyo mradi wa pili unaotumia matoleo yale yale aghalabu hauli bando upya.

Kwa hiyo ninawaomba wenye miongozo ya namna hii waifungue leo, waufute mstari unaogusa /usr/bin/python3, na mahali pake waweke altinstall na venv. Aliyezoeshwa hivyo, mazingira ya mradi yakimharibikia, hufuta folda ya .venv, huiunda upya, husakinisha vifurushi kutoka faili la requirements.txt linaloviorodhesha, na kuendelea na kazi yake.