Lamu tumebakisha vidaka, tumevunja tekani

Nyumba za wageni zinazofunguliwa Lamu siku hizi, kuanzia Mkomani hadi Shela, karibu zote zina vidaka (vishubaka vya mapambo) ukutani, mlango wa nakshi na chandarua cheupe juu ya kitanda. Kwenye picha zinavutia. Ingia sasa, ukae kidogo, utahisi uko hoteli ya mji wowote ule. Kwa maoni yangu, wenye nyumba wamechukua pambo la nyumba ya mawe wakauacha mpangilio wake, na utulivu wote ulikuwa kwenye mpangilio.

Tazama mtu anavyoingia nyumba ya kale. Anatoka kichochoroni, anapishana na punda waliobeba mchanga, anapanda daka, kibaraza cha mlangoni, lenye viti vya mawe huku na huku. Hapo hajaingia kwa watu, lakini si mpita njia tena. Anapiga hodi. Mlango ukifunguliwa haoni kitu: yuko tekani, kiukumbi cha kuingilia, na lazima akate kona ndipo atokee kiwanda, uwanja usio na paa, jua na upepo vinashukia hapo. Kutoka kiwanda ni msana wa tini, ukumbi mrefu wa kwanza, kisha msana wa yuu, ukumbi wa pili ulioinuka zaidi, kisha ndani, chumba cha faragha. Sakafu inapanda kidogo kidogo, mwanga unapungua, kelele za mtaa zinabaki nyuma. Hakuna aliyemwambia mgeni anong'one, lakini ataanza kunong'ona mwenyewe.

Sasa fundi anaitwa, anaambiwa afungue nafasi. Ukuta wa tekani unaangushwa ili mgeni alione bwawa la kuogelea akiwa bado mlangoni. Matokeo yake, mama anayepita na kikapu chake anamwona mgeni amejifunga taulo, na wote wawili wanaona haya. Baada ya mwezi linatundikwa pazia. Kona ile ilikuwa inafanya kazi hiyo bure.

Wazee walimfikiria mgeni kuliko tunavyodhani. Nyumba kubwa ilikuwa na sabule, chumba cha mgeni chenye ngazi yake, aingie na kutoka bila kuwapitia wanawake wa nyumba. Yeye hana wasiwasi, wenyeji hawana wasiwasi. Leo tunampa kadi ya mlango na orodha ya masharti iliyobandikwa ukutani.

Halafu kuna vyumba vya masaji. Kimoja nilichokiona kilikuwa na spika inayotoa mlio wa maporomoko ya maji, na mshumaa wenye harufu ya mdalasini kutoka ng'ambo, kwenye mji wa udi na asmini! Mshumaa ulikuwa na kazi, sitaukatalia: chumba kilinuka ukungu. Ukuta wa matumbawe umezoea chokaa, ambayo huuacha upumue. Ukiupaka saruji, unyevu hunaswa ndani, chumvi hutafuta pa kutokea, na plasta hubanduka vipande vipande. Ukuta ule ule ulikuwa umepakana na choo cha zamani chenye birika, si la chai, bali tangi la maji lililojengwa kwa mawe na chokaa. Mabirika hayo yalifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini kabisa hupachikwa bakuli la kaure, maji yakipungua samaki wapate pa kujisitiri. Kata moja ya maji yale mgongoni, saa za adhuhuri, na hutaikumbuka spika. Hapo birika limegeuzwa stoo ya mataulo.

Si kwamba kila cha kale ni kitamu. Kaskazi ikishaondoka na kusi haijaingia, chumba cha ndani kinafuka joto, na mtu akitaka kiyoyozi alalie, mpe. Upana wa vyumba ulipimwa na urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo ni vyembamba, na wengine huona vinabana. Tena nyumba hizi zilikuwa za matajiri, na raha yake ilibebwa na mikono ya watumwa; wanaouza historia kwenye vipeperushi huiruka sehemu hiyo.

Mji wa kale uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2001, na tangu hapo macho mengi yako kwenye sura ya nje. Ila mgeni halali nje.

Kinachonikera zaidi ni daka. Nimeona moja limewekewa kamba na kibao: wageni wa hoteli tu. Hilo daka wazee wa mtaa walikuwa wakikaa baada ya alasiri, kahawa ikizungushwa, na kila anayepita anatoa salamu. Mgeni akitoka chumbani alikuta watu wa kumuuliza habari za safari. Sasa anakuta matakia manne na hakuna mtu. Mwenye nyumba, ukisoma haya, anza na kamba hiyo. Kuiondoa hakuhitaji fundi wala kibali, na kahawa ya wazee si ghali kuliko hiyo mishumaa.