Kabla hamjatuita kubeba mawe, tuambieni bati zinakuja lini

Ukizunguka vijijini kwetu Tanzania, iwe Dodoma, Tabora au Rukwa, hukosi kukutana na boma. Tofali za kuchoma zimepanda mpaka usawa wa lenta alafu kimya, nondo zimechomoza juu zimeshika kutu, ndani mpapai ushaanza kuzaa na mbuzi ndo wanajikinga jua humo. Ukiuliza unaambiwa hilo ni darasa, au zahanati, wananchi walishamaliza sehemu yao wanasubiri halmashauri.

Utaratibu tunaujua wote. Mkutano mkuu wa kijiji unakaa, watu wanakubaliana, wanachimba msingi, wanasomba mchanga na mawe, kinamama wanabeba maji ya kujengea, kila kaya inatoa hela ya saruji na fundi, boma likisimama serikali inakuja kupaua na kupiga plasta. MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ilipoanza 2002 madarasa mengi yalijengwa hivo hivo, zikaja shule za kata, alafu 2007 ikaja MMAM, mpango wa maendeleo ya afya ya msingi, kila kijiji kiwe na zahanati. Sipingi hata kidogo, bila nguvu za wananchi watoto wengi wangekuwa bado chini ya mwembe.

Ninachokataa ni kwamba upande mmoja tu ndo unabanwa. Mwananchi asipotokea msaragambo, yaani hiyo kazi ya pamoja, sehemu zingine anapigwa faini, mgambo anapita mpaka nyumbani, asipokuwa na hela kuku anaondoka. Haya, halmashauri isipoleta bati inapigwa faini na nani? Hakuna, mwaka wa bajeti unaisha Juni unaanza mwingine, diwani anakwambia tuvute subira, na mvua hazina subira, kuta zenyewe nyingi tofali zimeunganishwa kwa udongo sio saruji, misimu miwili mitatu tu kozi za juu zinaanza kumeguka. Alafu siku hela ikija kweli, mhandisi anakuja anazunguka anagonga gonga ukuta anasema hili halina viwango, libomolewe. Sasa mhandisi ulikuwa wapi siku tunachimba msingi jamani?

Na wasituambie haiwezekani. 2021 ule mkopo wa IMF wa UVIKO ulipoingia, ule mpango wa trilioni 1.3, yalijengwa madarasa 15,000 ndani ya miezi michache, 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, zile shule ndogo za watoto wanaokaa mbali na shule mama, wakuu wa wilaya walikuwa wanalala saiti kabisa maana tarehe ya kukabidhi ilikuwa inajulikana na kuna mtu juu anaidai. Kwahiyo tarehe ikiwepo na wa kuulizwa akiwepo, bati zinapatikana.

Mimi naona hivi. Kabla ya jembe la kwanza, kwenye muhtasari wa ule mkutano wa kijiji iandikwe halmashauri inaleta bati mwaka gani wa fedha, na mtu wa halmashauri asaini mbele ya watu. Mhandisi aje siku ya msingi, sio siku ya lawama. Na nguvu zetu zithaminiwe kwa shilingi zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji, tripu ngapi za mchanga, tofali ngapi, siku ngapi za kazi, maana kwenye taarifa zao unakuta kamstari kamoja tu "nguvu za wananchi" utadhani ziliokotwa.

Kuna watakaosema ukisubiri ahadi ya serikali hutajenga milele. Sawa, basi jengeni kidogo. Hii tabia ya kuanzisha vyumba vinne kwa mpigo ili mgeni rasmi aone kazi kubwa ndo inatuzalishia magofu. Anzeni kimoja. Kamati ya ujenzi iende mjini iulize bei ya bati za geji 28, fundi apige hesabu ya mbao na misumari, hiyo hela ikishaonekana akaunti ya kijiji ndo mwenyekiti apige ngoma watu watoke na majembe.