Boti ya starehe haigeuki manowari kwa kupakwa rangi

Juzi kuna mtu katuma kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya boti ya kifahari ya Kanada ya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, iliyopakwa rangi ya kijivu na kufungwa mzinga. Chini kaandika: "Matajiri wa zamani walitoa boti zao kupigania nchi." Emoji za makofi zikamiminika. Nikashindwa kunyamaza.

Walitoa? Hizi za Kanada zilinunuliwa! Mwaka 1940 Kanada ilikuwa vitani na meli za kivita za kuhesabu. Marekani haikuwa imeingia vitani, na sheria yake ilizuia kuwauzia vyombo wanaopigana. Basi wakatumwa Wakanada wenye pesa zao wakanunue boti huko kama za kutembelea, kisha jeshi likazichukua. Boti 14, zikapewa majina ya wanyama. Ujanja mtamu, nakubali, hata mimi nilicheka.

Ila mimi nawaza waliopandishwa humo. Niliwahi kupanda boti ya watalii Nungwi wakati wa kusi. Safari niliimaliza kichwa kikiwa ndani ya ndoo. Boti za namna hiyo huundwa kwa siku ambazo bahari imelala, watu wameshika glasi. Wewe uifunge mzinga mmoja mbele, uibebeshe mabomu ya kuzamia, uiambie ikasake nyambizi!

Mojawapo, Otter, iliungua karibu na bandari ya Halifax, Kanada, Machi 1941, wakafa 19.

Halafu Raccoon. Ilijengwa Maine, Marekani, mwaka 1931, enzi hizo ikiitwa Halonia. Usiku wa Septemba 7, 1942 ilikuwa ikisindikiza msafara wa meli za mizigo katika maji ya St. Lawrence, mashariki mwa Kanada, nyambizi ya Kijerumani U-165 ikaipiga torpedo, bomu linalokimbia chini ya maji. Walikuwemo mabaharia 37. Hakupona hata mmoja.

Najua mtakachosema: manowari mpya zilikuwa bado kwenye viwanda, na doria ya boti dhaifu ni afadhali kuliko bahari isiyo na mlinzi. Haya, sawa. Lakini semeni basi kwamba waliotoa ni hao 37, msinitajie wenye boti.

Na jambo lililoninyima usingizi ni hili: wenzao kwenye msafara waliisikia milipuko. Wakadhani ni Raccoon inaangusha mabomu yake, inawinda nyambizi. Msafara ukaendelea na safari. Wiki kadhaa baadaye maji yakarudisha mwili mmoja, kisiwani Anticosti.

Mliopiga makofi, futeni.