Seli shina haziuzwi kwenye pakiti

Mwaka jana jirani yetu mmoja alikuja nyumbani na boksi la pakiti za unga. "Hizi ni seli shina, dada," alimwambia mama. "Zinatengeneza kinga upya. Mpe asubuhi kabla hajala." Mama akavunja kibubu, akahesabu laki tatu na nusu mezani. Mdogo wangu ana lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, tangu kidato cha tano. Mama amemwona mwanawe akivimba mashavu kwa prednisoloni, vidonge vya kutuliza kinga, na kunyonyoka nywele. Siku ile angeuza hata cherehani.

Jirani aliongeza kwamba vidonge vya hospitali vinaupinga ule unga, basi mdogo wangu akaviacha. Wiki ya tatu miguu ilivimba, ukibonyeza kidole juu ya kifundo kinabaki kishimo, na mkojo ukawa na povu kama maji ya kufulia. Kinga yake ilikuwa imeanza kushambulia figo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jina lile la seli shina, yaani seli mama zinazozaa chembe za damu na za kinga, limeibwa kwenye tiba ya kweli. Mwaka 2019 daktari Richard Burt wa Chicago, pamoja na wenzake wa Uingereza, Sweden na Brazil, walitoa matokeo ya wagonjwa 110 wa multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ala ya mishipa ya fahamu. Nusu walipandikizwa seli shina, nusu waliendelea na dawa. Kwa waliopandikizwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa watu 3. Kwa wenzao, 34. Nilipozisoma namba hizo nililia, nikimfikiria mdogo wangu.

Ila hebu tufuatane hadi wodini. Seli zinazotumika ni za mgonjwa mwenyewe. Anachomwa sindano siku kadhaa ili seli shina zitoke kwenye uloto, ule ute ulio ndani ya mifupa, ziingie kwenye damu. Damu inapitishwa kwenye mashine, seli zinachujwa na kugandishwa. Kisha anapewa dawa za saratani kwa dozi kubwa, pamoja na kingamwili zilizotengenezwa kwa sungura, mpaka ile kinga iliyoasi ifutike. Ndipo mfuko mdogo wa seli zake unayeyushwa na kurudishwa mshipani kama anaongezewa damu, na chumba kinanuka kitunguu saumu kwa sababu ya kemikali iliyozilinda zisiharibike kwenye baridi. Baada ya hapo ni kutengwa, siku kumi au zaidi bila kinga, akingoja chembe nyeupe zichipue.

Ugonjwa unapigwa na zile dawa kali. Seli zinarudishwa ili dawa zisimuue mgonjwa. Sasa mtu anayekoroga unga kwenye kikombe, hata kama mle ndani kungekuwa na seli hai, na hata kama tumbo lisingezisaga kama linavyosaga maharage, seli hizo zimekuja kumwokoa na nini?

Na tiba yenyewe si lelemama. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2014 kuhusu skleroderma, ugonjwa wa ngozi na mapafu kukakamaa, ulipanga wagonjwa 79 wapandikizwe; 8 kati yao walifariki mwaka wa kwanza kwa sababu ya tiba. Miaka ilivyosonga, kundi lao ndilo lililobaki na wengi zaidi walio hai kuliko kundi lililopewa dawa bila kupandikizwa. Binti anaweza pia kupoteza uzazi. Kwa lupasi, wagonjwa 50 wa Chicago ambao habari zao zilitoka 2006 walikuwa na nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa hai bila ugonjwa baada ya miaka mitano, na hao ni watu ambao dawa zilikuwa zimegonga mwamba. Daktari wa mdogo wangu alituambia ugonjwa wake bado unasikia dawa, kwa hiyo hafai kuingizwa kwenye hatari hiyo. Namuunga mkono, ingawa mama alitoka chumba kile akiwa kimya.

Ninachodai ni mazungumzo yahamie hospitalini. Muhimbili walianza kupandikiza uloto 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza na watoto wenye selimundu 2023. Wauguzi wanaojua kumlinda mtu asiye na kinga tunao. Mgonjwa wa skleroderma ambaye mapafu yanakakamaa huku dawa zimeshindwa, kesi yake ijadiliwe na timu hizo mapema, kabla mapafu hayajachoka kiasi cha kutoihimili tiba. Na wauza unga wakatazwe kulitumia neno seli shina mbele ya mgonjwa, kwa sababu neno hilo ndilo lililomfanya mdogo wangu aache vidonge.

Amerudi kwenye dawa zake. Uvimbe umepungua, viatu vya kazini vinamwingia tena. Jumatano ana kliniki, atabeba kikopo cha mkojo wa asubuhi, wapime protini. Mama amesema safari hii atakwenda naye.