Wa karibu anakuona, sawa, ila sio kila kitu

Watu wanapenda kusema ukitaka kujijua waulize walio karibu na wewe. Mi nakubali nusu.

Nyani haoni kundule, hapo hakuna ubishi. Hata wanasaikolojia wameshalipima, mwaka 2010 Simine Vazire alitoa utafiti ambao watu walijipima wenyewe, rafiki zao nao wakawapima, halafu wakapewa majaribio kuona nani kasema kweli. Kwenye wasiwasi na hofu za ndani mtu mwenyewe alijijua kuliko rafiki, ila kwenye akili na ubunifu rafiki ndo alipatia zaidi, yani palepale mtu anapotamani aonekane mzuri ndo hajioni. Muulize dereva boda yeyote pale Masasi kama ana hasira, atakwambia mi mpole tu bana, sasa kamuulize mkewe.

Shida inaanza pale tunapodhani huyo wa karibu hana upofu wake. Angalia msimu wa korosho, minada ikianza Oktoba na hela ikiingia akaunti, mtu anaitwa bosi kuanzia asubuhi, marafiki walewale waliokuwa wanamsema mwezi wa tano leo kila anachofanya ni akili nyingi, ananunua pikipiki ya pili na nyumba bado inavuja na hakuna wa kufungua mdomo kwa sababu bia za jioni zinatoka mfukoni kwake. Na sio unafiki tu, wengine wanapenda kweli. Mwaka 2008 watafiti Nicholas Epley na Erin Whitchurch waliwaonyesha watu picha zao wenyewe, zingine zimepambwa kidogo kwa kompyuta, watu wakaitambua haraka ile iliyopendezeshwa kama ndo sura yao halisi, na picha ya rafiki ikawa hivohivo, ila ya mtu baki hapana. Kwa hiyo anayekupenda naye anakuona umependeza kuliko ulivyo, mama ndo usiseme.

Ndugu wana lao lingine, hao wanakujua ulivyokuwa. Ulikuwa mvivu wa kwenda kupalilia ukiwa na miaka 12, leo una duka mjini na unafungua alfajiri, ukirudi Newala bado ni yule mvivu na wanamhurumia mkeo! Hapo wanaona mtoto ambaye hayupo tena, ukiwaamini sana unaweza ukamrudia.

Mi naona wazee wetu walishaona hili tatizo ndo maana kuna watani. Mtani ni wa karibu kiasi cha kukujua na wa mbali kiasi cha kutokuogopa, na kwa mila huruhusiwi kumkasirikia. Nenda msiba wenye watani uone, jeneza linatoka, mtani analala njiani anataka hela ndo lipite, anaigiza marehemu alivyokuwa anahesabu chenji mara tatu, watu wanacheka na machozi, halafu anamgeukia kijana mkubwa wa marehemu, na wewe ndo walewale, umeuza tani mbili za korosho na sukari ya mama yako bado inakopwa dukani. Kijana anacheka maana hana namna, ila shangazi zake wamesikia, mwenye duka kasikia, na yeye kasikia. Rafiki gani angemwambia vile?

Kuna wanaosema utani ni fujo tu, unamuumiza mfiwa, na wapo watani wanaopitiliza kweli, wengine wamefuata hela na wali. Tena mtani naye hajui unacholala nacho moyoni, hilo ni lako na huyo mmoja uliyemwambia. Ila kwenye tabia, namna unavyoongea na watu, mkono wako kwenye hela, mi namsikiliza mtani kabla ya rafiki ninayempa ofa, hata akiongea nimenuna.